Gimbi Kwenye Msumari

Saa ya kanisa iligonga, ikanyamaza kidogo, kisha ikagonga upya, kama ilivyo desturi yake siku zote hapa Levuka. Aliyechelewa kusikia mara ya kwanza hupewa nafasi nyingine. Sajini Parvati Gounder alizisikia zote mbili akiwa bado ngazini. Goti lake la kushoto lilikuwa limestaafu kabla yake, na waliojenga misheni juu ya kilima hiki hawakumfikiria askari wa makamo mwenye viatu vya serikali. Tangu alfajiri alikuwa ameshaamua ugomvi wa uzio, ameshamtoa mlevi gatini, na chai yake ameiacha mezani ikishika utando. Sasa anaambiwa kuna wizi.

Mwalimu Inoke alimsubiri langoni, shati limepigwa pasi, sulu, ile shuka nyeusi ya kiunoni, imenyooka kama ubao.

"Afande, nashukuru umekuja kimya kimya."

"Nimekuja kwa miguu," alisema Parvati, akishika nguzo ya lango. "Haya, nieleze. Taratibu, maana pumzi yangu bado iko njiani."

Mwalimu akaeleza. Alikuwa amewaleta wanafunzi wake wa fasihi kutoka Suva waje kuusoma mji huu mkongwe: makanisa, maduka ya mbao ya ufukweni, makaburi ya mabaharia, na zaidi ya yote masimulizi ya wazee. Jana walikaa kwa Mzee Apakuki, msimulizi, wakasikiliza hadi mchana. Leo asubuhi mwalimu alipanda tena kwenda kumshukuru. Msumari ukutani ulikuwa hauna tanoa. Lile bakuli kubwa la mti, lenye miguu, ambalo ukoo ule umekorogea yaqona, kinywaji chao cha mizizi, tangu enzi za babu wa mzee, limetoweka.

"Nikapekua mabegi ya wote. Kwenye begi la msichana mmoja, Vasemaca, nikakuta kikombe cha kifuu cha nyumba ile ile."

"Na bakuli?"

"Bakuli sikuliona."

"Lina ukubwa gani?"

Mwalimu akatanua mikono. Kisha akaiangalia mikono yake mwenyewe, akaishusha.

"Lazima ana mshirika," alisema.

"Mzee mwenyewe ameshtaki?"

"Mzee anasema hakuibiwa. Wazee wetu unawajua, afande. Aibu ya mgeni wanaibeba wao. Anamfichia mtoto." Alishusha sauti. "Vasemaca alishapewa onyo la mwisho mwaka jana, kwa kuiba vitabu vya maktaba. Nimeshampigia mkuu wa shule. Mtoto anarudi leo na meli ya alasiri, na akifika na kesi ya polisi, shule ndiyo basi."

"Si mtihani wa mwisho umekaribia?"

"Ataukosa." Alilisema kwa masikitiko, lakini masikitiko yenyewe yalikuwa yamekwisha kufanyiwa mazoezi. "Nina wengine wa kulinda. Na jina la shule. Nimemfungia peke yake, na wenzake nimewaambia anaumwa tumbo. Hata wapishi hawajui."

Parvati aliangalia jua. Meli haikuwa mbali.

"Nipe ufunguo wa hicho chumba ulichomfungia," alisema.

Kilikuwa stoo ya misheni, ng'ambo ya ua, ukuta kwa ukuta na jiko. Harufu ya ndimu na tui la nazi ilipenya kwenye mbao, na tumbo la Parvati, ambalo halikuwa limepata kitu tangu jana jioni, likanung'unika. Msichana alikuwa ameketi juu ya gunia la mchele. Mwembamba, macho makavu. Miguuni pake palikuwa na kikombe cha bati chenye chai isiyoguswa.

"Nani amekuletea chai?"

"Mama Torika, mpishi wetu. Amepitisha dirishani. Anasema tangawizi inakata tumbo." Akatabasamu kidogo, kisha akakumbuka alipo. "Tumbo langu haliumi, mama."

"Najua. Jana ulibaki kwa mzee wenzako walipoondoka. Kwa nini?"

"Hadithi ilikuwa haijaisha. Ya yule mwanamke aliyefukuzwa kijijini kwao kwa kosa ambalo si lake. Babu aliikatiza katikati, akasema nendeni kanisani, mkirudi nitamalizia. Mimi sikuweza kungoja. Nilitaka kujua kama alirudi kwao."

"Alirudi?"

"Babu alilala kabla hajafika huko."

Parvati alijizuia asicheke. Siku kama ya leo kicheko kingemgharimu nguvu alizokuwa anaziwekea ngazi za kushukia.

"Kikombe je?"

"Alinipa yeye. Alisema mtu anayebaki kusikiliza hadi msimulizi mwenyewe anasinzia, anastahili kikombe. Tulikuwa wawili tu. Nani ataniamini?" Alisugua magoti. "Nikatoka nyuma kukiosha bombani. Nikakaa pale naandika nisije nikasahau. Halafu nikasikia mtu anacheka ndani. Nikadhani babu kaamka."

"Babu anacheka vile?"

Msichana akafikiri. Parvati alimpenda kwa hilo. Mashahidi wengi hawafikiri, wanajibu tu.

"Hapana. Kilikuwa kicheko cha kujibana, kama mtu kaziba mdomo kwa mkono. Lakini nilikuwa nimechelewa, nikaondoka kwa mlango wa nyuma wa uani. Sikuingia tena ndani."

"Na vile vitabu vya maktaba?"

"Vile niliiba kweli," alisema Vasemaca. "Nilikuwa navirudisha nikishamaliza kusoma. Walinikamata na kimoja nilichokuwa katikati." Sauti ikamkatika ghafla. "Nikifukuzwa, baba hanirudishi shule tena. Ameshasema. Nitakwenda kusimama kiwandani kwenye samaki kama dada zangu. Mama, mimi sikuchukua bakuli la babu."

Parvati alimwamini. Lakini kuamini hakuandikwi kwenye faili, na mwalimu alikuwa na simu mfukoni.

Mtu wa kwanza aliyetajiwa alikuwa Mzungu. Jana hiyo hiyo, kwa maneno ya wanafunzi waliokuwa wanachora uani, baharia mmoja mwenye mashua ya starehe alipita kwa mzee akataka kulinunua lile bakuli. Parvati akashuka ngazi zote hadi gatini. Akamkuta amelala chini ya injini, mafuta hadi kwenye nyusi. Mzungu hakubisha hata kidogo. Alifungua kila sanduku, kila godoro, hadi choo. Parvati alikagua huku mashua ikimbembeleza na goti likimtukana. Hapakuwa na kitu.

"Nilimwambia ataje mwenyewe anachotaka," alisema Mzungu, akifuta mikono. "Akasema atanibadilishia kwa mashua yangu, pamoja na bahari iliyo chini yake. Kisha akanikaribisha chakula."

Njia hiyo ikafungwa. Wa pili alikuwa Jiten, mwenye duka lililo chini kabisa ya ngazi za kwenda kwa mzee.

"Dada Parvati! Kaa, utaanguka. Unywe soda?"

"Nikikaa siinuki. Jana mchana ulimwona mtu akishuka na mzigo?"

"Nilikuwa napanga unga, nimeona miguu tu pale chini ya pazia. Miguu ya mwanamke, iliyoshiba vizuri. Kabeba kitu kikubwa kimefungwa shuka. Nikadhani nguo za kufua."

"Miguu myembamba, ya mtoto wa shule?"

"Wapi! Ngazi ilikuwa inalia." Akachekelea, kisha akakumbuka. "Na alikuwa anacheka, dada. Peke yake. Hadi akasimama hapo akaegemea ukuta wangu, akacheka, akaendelea na safari."

Kicheko tena. Parvati alikigeuza kichwani. Amekamata wezi miaka mingi kwenye kisiwa hiki; wapo waliolia, waliokimbia, na mmoja aliyelala palepale kwenye kitanda cha aliyemwibia. Anayecheka njia nzima hakumkumbuka. Akampigia mwalimu simu kumwambia kuhusu ile miguu. Mwalimu akamjibu kwamba hilo linathibitisha tu kuwa mtoto alikuwa na mshirika, na kwamba gari la kwenda melini limeshaagizwa.

Ikabidi apande kwa mzee mwenyewe. Alipofika mlangoni alivua viatu, akainama, akaketi karibu na kizingiti juu ya mkeka, kama mgeni mwenye adabu na pia kama mtu asiyeweza kufika mbali zaidi. Mzee Apakuki alikuwa anasuka kamba ya nyuzi za nazi, magoti yamekunjwa, uso unang'aa kwa furaha ambayo haikuwa na maelezo.

"Karibu, Sajini. Umekuja kwa ajili ya msumari wangu?"

"Nimekuja kwa ajili ya kilichokuwa kwenye msumari."

"Sikuibiwa."

"Nimeambiwa."

"Basi ungebaki huko chini, ukapumzisha goti."

Parvati aliinua macho ukutani. Alama ya duara ilionekana pale bakuli lilipokaa miaka na miaka, mbao zake zimebaki na rangi changa. Katikati ya duara, msumari. Na kwenye msumari palikuwa pamening'inizwa kitu kwa ukili. Mwalimu hakukitaja. Pengine alikiona akadhani ni takataka za mzee anayeishi peke yake. Lilikuwa gimbi moja, dogo, limesinyaa, nusu yake limeoza.

"Hili gimbi ulilitundika wewe?"

"Mimi nina shamba, Sajini. Magimbi yangu yanajaza mlango. Hicho kidude nitakitoa wapi?" Mabega ya mzee yalianza kutikisika. "Kitazame! Kimejikunja kama mkwe aliyenyimwa chakula!"

Akacheka hadi kamba ikamponyoka. Parvati alikaa pale na uchovu wake, na mambo yote yakaja yenyewe, bila haraka, kama watu wanaofika msibani. Mchukuaji alicheka. Akaacha tusi la gimbi bovu badala ya bakuli. Na mwenye mali, ambaye kwa haki angekuwa anapiga kelele, anacheka kuliko wote.

"Ni watani zako," alisema.

Mzee akaokota kamba.

"Mzee, nimeishi hapa maisha yangu yote. Ningelijua hili tangu asubuhi kama nisingekuwa nimechoka. Ni mtu wa Nasaulevu, si ndiyo? Watu wa Nasaulevu na ninyi wa Waidrala mnaweza kuchukuliana chochote."

"Sijasema kitu."

"Niambie ni nani."

"Nilifumbua jicho moja nikamwona akitoka nalo. Lakini nikitaja jina nimelalamika. Na anayelalamika ameshindwa." Aliinua kidole. "Babu yangu walimchukulia nguruwe siku ya harusi yake, nguruwe ameshaiva, akacheka mpaka usiku. Baba yangu walimchukulia mlango. Mlango, Sajini! Tulilala wazi msimu mzima wa mvua, na hakuna aliyemsikia akisema neno. Leo mimi nililie bakuli? Wajukuu wao wataniimba. Wataimba hadi kaburini kwangu, na kaburi watalichezea."

"Sisi Wahindi hatuna watani," alisema Parvati. "Babu zetu walikuwa na ndugu wa meli, waliovuka pamoja kutoka India. Ndugu wa meli unaweza kula kwake bila kualikwa, lakini mlango wake unamwachia."

"Maisha ya upweke," alisema mzee, kwa huruma ya kweli.

"Watu wa Nasaulevu hapa mjini ni wengi?"

"Wanazaana kuliko panya. Nusu ya gati ni wao."

Hakuwa na muda wa kugonga milango ya nusu ya gati. Chini kidogo, ng'ambo ya mapaa ya mabati, gari lilipiga honi kwenye misheni.

"Mzee, yule msichana uliyempa kikombe."

"Aliyebaki? Masikio mazuri yule. Mwambie aje, hadithi yake nimemwekea."

"Amefungiwa stoo. Mwalimu amekikuta kikombe chako kwenye begi lake, anasema yeye ndiye aliyeiba bakuli. Anapakiwa melini alasiri hii. Shule itamfukuza na mtihani hataufanya."

Kicheko kilitoka usoni mwa mzee polepole.

"Nilimwambia mwalimu sikuibiwa!"

"Alidhani unamfichia mtoto. Anataka bakuli, au mtu wa kusema liko wapi. Mwenye kujua ni wewe peke yako, na mimi siwezi kukulazimisha."

Mzee Apakuki aliangalia gimbi. Aliliangalia muda mrefu, na Parvati hakumharakisha, ingawa honi ilipigwa tena. Alimwonea uchungu. Mtu amengoja miaka sabini na ushei zamu yake ya kucheka kama babu yake, imefika, na hajaimaliza hata siku moja.

Mzee akasimama. Akavaa shati lake la kanisani, akafunga vifungo vyote hadi shingoni.

"Nishike mkono ngazini," alisema. "Au nikushike wewe. Sijui nani ana hali mbaya zaidi."

Mzee alimpeleka Parvati moja kwa moja misheni, akapita gari lililokuwa linaunguruma, akapita mlango wa stoo, hadi jikoni. Wanafunzi walikuwa wanakula, wamejaa hadi uani. Mwalimu Inoke alisimama karibu na mlango, sahani mkononi, anakula kwa haraka ya mtu mwenye meli ya kuwahi. Katikati ya meza, juu ya majani ya mgomba, lilikuwa limekaa bakuli kubwa lililovishwa majani kila upande, limejaa samaki mbichi aliyeivishwa kwa ndimu na kutiwa tui. Nyuma yake alisimama Mama Torika na mwiko, mwanamke mpana, mikono imelowa nazi.

Alipomwona mzee, macho yakamwaka.

"Eh! Nani huyo? Fungeni kuku, Waidrala wameingia! Mzee, umekuja kutuomba chakula? Au umekosa cha kukorogea yaqona, unatumia kiatu?"

Wanawake wa jikoni wakaangua kicheko. Walikuwa wameshajua, walikuwa wanangoja saa hii tangu jana. Sasa ilikuwa zamu ya mzee kujibu. Kila mtu alingoja tusi lake.

Mzee Apakuki alichuchumaa kwenye kizingiti, akakusanya viganja, akapiga makofi mazito ya taratibu, kama mtu anayeomba mbele ya mkubwa.

"Torika," alisema. "Naomba bakuli langu."

Kicheko kilikufa jiko zima.

"Unaomba?" Mwiko ulishuka. "Mtani wangu, una nini? Unaumwa?"

"Yule mtoto uliyempelekea tangawizi haumwi tumbo," alisema Parvati, na kwa maneno machache akamweleza.

Mama Torika aliketi juu ya ndoo iliyogeuzwa. Alimtazama mwalimu, na hakukuwa na utani hata chembe.

"Vase? Vase wangu, kwa jambo langu mimi? Mwalimu, mbona hukuniuliza? Mlango wangu na wako inatazamana."

"Nililinda jina la shule," alisema Mwalimu Inoke. "Nisingeweza kumwuliza kila mtu..."

"Hicho ulichokula kimetoka wapi?" aliuliza Parvati.

Alibandua jani moja la mgomba. Mguu mweusi wa tanoa ukaonekana, umeng'aa kwa mikono ya mababu. Mwalimu aliutazama, akatazama sahani yake, akaiweka chini kwa uangalifu mkubwa, kana kwamba nayo itamshtaki. Akatoka uani, akaliambia gari liende zake.

Mama Torika alijifuta macho kwa nyuma ya mkono. Kisha akainuka, akageukia jiko zima.

"Jamani, kuna mtu amemsikia mzee huyu akiomba kitu hapa?"

Wanawake wakatazamana.

"Mimi nilikuwa nakuna nazi," akasema mmoja. "Mbuzi ya nazi ina kelele."

"Mimi sikusikia," akasema mwingine, akitazama masufuria.

"Sisi tulikuwa tunakula," wakasema wanafunzi.

"Wala mimi," akasema Mama Torika. "Nimeona mzee kaanguka mlangoni kwa njaa, nimemwonea huruma. Sikusikia kitu."

Mzee aliendelea kuchuchumaa, kichwa kimeinama. Alipokiinua, macho yake yalikuwa na maji.

"Bakuli lenyewe limeshanuka samaki," alisema, sauti ikikwaruza. "Yaqona yangu itakuwa na harufu ya Nasaulevu mpaka nife."

Jiko likalipuka.

Mama Torika ndiye aliyekwenda kufungua stoo, kwa ufunguo aliopewa na Parvati. Vasemaca alitoka na kikombe cha chai baridi mkononi, akipepesa macho kwenye jua. Mwalimu Inoke alisimama katikati ya ua.

"Haya, Vasemaca," alisema. "Jambo limekwisha. Jiunge na wenzako."

"Begi langu lilipekuliwa, mwalimu. Vitu bado viko sakafuni."

Hakulisema kwa ujeuri. Mwalimu aliangalia huku na huku. Kisha akaingia bwenini, mlango ukiwa wazi, akapiga magoti, akaanza kukunja nguo za mtoto wa watu moja moja. Vasemaca alikwenda kuketi kando ya mzee.

"Babu, yule mwanamke alirudi kwao?"

"Alirudi," alisema Mzee Apakuki, bila kupunguza sauti. "Wakamrudishia mkeka wake. Lakini hakuna aliyekumbuka kumwomba radhi, kwa hiyo maisha yake yote alikaa karibu na mlango."

Bwenini, mikono ya mwalimu ilisimama juu ya blauzi.

"Nisamehe, mwanangu," alisema, chini chini, akiambia sakafu.

Saa ya kanisa iligonga, ikafunika maneno yake.

"Sikusikia, mwalimu," alisema Vasemaca.

Saa ikanyamaza kidogo, kisha ikagonga upya. Mwalimu Inoke aliingoja imalize. Akainuka, akasimama mlangoni mbele ya wanafunzi wake wote na wapishi.

"Nisamehe, Vasemaca," alisema, na safari hii ilisikika hadi jikoni.

Parvati aliketi kwenye kizingiti, akanyoosha goti, akaomba sahani.